Kiingilio Hakifuti Mwiko

Katika milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, maji ya mvua yameila chokaa kwa muda mrefu kuliko umri wa kabila lolote na kuacha mapango makubwa chini ya mashamba ya watu. Lililo maarufu zaidi ni Nang'oma. Kwa mtu wa Mbekenyera, huko Ruangwa, ambako mazungumzo ya mwaka mzima ni ufuta, korosho na mbaazi, mapango hayo yanaweza kuonekana habari ya watu wa mbali. Lakini Wamwera wa Ruangwa na Wamatumbi wa Kilwa wanashiriki historia moja ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, na wanashiriki pia mazoea ya kuziona sehemu fulani za nchi kuwa si za kuingiwa ovyo. Kwa hiyo swali ninalolijadili hapa linawahusu watu wa Mbekenyera sawa na linavyowahusu watu wa Kipatimu, huko Umatumbi. Mahali ambapo watu huomba, hutambika na kuweka nadhiri pakifunguliwa kwa watalii, je, utakatifu wake huondoka? Na kama hauondoki, mtalii asiyeamini chochote kinachosemwa juu ya mahali hapo anadaiwa nini?

Msimamo wangu ni kwamba kutazama peke yake hakunajisi. Pango halipungukiwi na kitu kwa sababu mtu wa Dar es Salaam au wa Berlin amelitazama. Kinacholinajisi ni mtazamaji kupewa ruhusa ya kutofungwa na yale yanayowafunga wengine mle ndani. Utakatifu wa mahali, kwa jinsi ninavyouelewa, unakaa katika wajibu ambao watu wamejiwekea mbele ya jiwe: usiingie bila kuomba ruhusa, usipige kelele, usiguse hiki, usitoke na kitu mkononi. Wajibu huo ukishikwa na kila aingiaye, mahali hubaki palivyo hata wakija watu elfu. Ukiwekewa mlango wa pembeni kwa mwenye risiti, mahali pameshageuka, hata kama watambikaji bado wanakuja na unga wao.

Wapo wanaodhani kwamba mjadala huu umefungwa na sayansi: tukishajua pango limetokeaje, hakuna cha kuheshimu tena. Tuangalie basi limetokeaje. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani, na huichukua kwa wingi zaidi yakipita kwenye udongo wenye mizizi, yakawa tindikali hafifu. Yakipenya kwenye nyufa huiyeyusha chokaa kidogo kidogo. Yakifika kwenye dari ya pango, tone huning'inia kwa muda, hewa ya ukaa hulitoka, na chembe ya chokaa hubaki pale tone liliposhikilia kabla ya kudondoka. Tone la pili huacha chembe nyingine. Baada ya miaka mingi huning'inia kijiti cha jiwe chenye tundu katikati na tone jipya kwenye ncha yake, na chini yake, sakafuni, jiwe jingine hupanda kukifuata. Katika mapango mengi kijiti hicho hakirefuki hata milimita moja kwa mwaka. Mtu akikishika, mafuta ya ngozi yake hubaki pale, na chokaa mpya haishiki tena kama ilivyokuwa. Pumzi nayo hudhuru. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lenye michoro ya watu wa kale, liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watalii 1948, na kufikia 1963 serikali ililazimika kulifunga, kwa kuwa pumzi, joto na taa za umati zilikuwa zinaiharibu michoro iliyodumu maelfu ya miaka. Sayansi haisemi kama kuna anayesikiliza maombi mle ndani. Hilo si swali lake. Lakini imeishia kuweka miiko yake yenyewe. Mzee anayekataza mikono na mtaalamu anayekataza mikono wana sababu tofauti, ila wote wawili wanakataa kwamba aliyelipa amenunua haki ya kugusa.

Wala tusidhani kwamba uhusiano wa mwanadamu na pango ni ushamba wa juzi. Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, kuna pango la chokaa liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wataalamu, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza kwamba mle ndani walikuta mifupa ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Mtoto alichimbiwa shimo, akalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kwa kitu fulani, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba ilibidi yote ikatwe pamoja na udongo wake kama bonge moja na kufunikwa plasta ndipo isafirishwe. Watafiti wamempa jina la Mtoto, kwa Kiswahili hivyohivyo. Hatujui waliomzika walikuwa na lugha gani wala imani gani. Tunachojua ni kwamba hawakumtupa. Na wenyeji wa eneo lile wameendelea kulitumia pango hilo kwa maombi hadi zama zetu. Mtu anayeingia humo akaona shimo tu kwenye mwamba ameona kidogo sana.

Dini zetu mbili kubwa nazo zina mapango. Mtume Muhammad alikuwa katika pango la Hira wahyi ulipomjia kwa mara ya kwanza, na alijificha katika pango la Thaur wakati wa Hijra. Sura ya kumi na nane ya Qurani imepewa jina la pango, kwa ajili ya vijana waliolala humo miaka mingi wakiikimbia dhuluma. Katika Biblia, Ibrahimu alilinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara, na Eliya alikuwa pangoni Horebu aliposikia sauti ya Mungu baada ya upepo, tetemeko na moto kupita. Kanisa la Bethlehemu limejengwa juu ya pango. Waumini wanaozijua habari hizi hawawezi kusema kwamba kumwendea Mungu pangoni ni jambo la kuchekesha.

Kuna simulizi moja katika hadithi za Mtume ambayo nadhani inaligusa suala hili kuliko nyingine zote. Msafara wake ulipita Hijr, mahali penye nyumba zilizochongwa majabalini, palipohusishwa na watu wa Thamud walioangamizwa. Aliwakataza maswahaba wasiingie makazi yale isipokuwa wakiwa katika hali ya kulia. Wenye majumba walikuwa wameshakufa, na dini yao haikuwa ya kuigwa. Hata hivyo mgeni alitakiwa awe na hali fulani moyoni na mwilini ndipo aingie. Leo Hijr ni urithi wa dunia tangu 2008, na Saudi Arabia inawakaribisha watalii, jambo ambalo baadhi ya wanazuoni wamelijadili kwa wasiwasi. Funzo ninalolipata kwenye simulizi hii ni kwamba kupita tu si jambo lisilo na hukumu. Hata mahali ambapo hatuwaheshimu walioabudu, jinsi tunavyoingia hupimwa.

Tuje nyumbani. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga kwenye njia ya kwenda Mombasa, ndiyo mapango ya chokaa yanayojulikana zaidi Tanzania. Mwamba wake ni wa miaka ipatayo milioni 150. Utafiti wa Wajerumani na Waturuki wa mwaka 1994 ulihesabu mapango kumi, la kina zaidi likiwa na urefu wa mita 900, na ni moja tu linalotumika kutembeza wageni. Ndani ya pango hilo hilo pana mzimu. Watu huja na shida za ugonjwa, za uzazi, za kukosa riziki, wakaacha sadaka zao. Hatua chache kutoka hapo mgeni huonyeshwa maumbo ya mawe yanayofanana na meli, na makochi, na wanyama. Wawili wanaingia kwa mlango mmoja, mmoja akiwa na kamera na mwingine akiwa na dhiki. Sioni kosa katika hilo peke yake. Msikiti na kanisa navyo hupokea wageni. Kosa linaanza pale mwenye dhiki anapokuwa sehemu ya maonyesho: anapopigwa picha akiomba mtoto, sadaka yake inapoinuliwa ili ionekane vizuri, na yeye kujifunza kuja saa ambazo wageni hawapo. Hapo mpangaji amemfukuza mwenye nyumba.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, ushahidi upo Kwale, katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo juu ya mwamba wa matumbawe karibu na Diani, uliomo katika orodha ya kaya za Mijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Mgeni anayetaka kuingia hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na huelezwa asichoruhusiwa kufanya. Hata unyasi haondoki nao. Hakuna anayemwuliza kama anaamini mizimu. Anaulizwa kama yuko tayari kushika masharti, na asiye tayari hubaki ufukweni. Watalii hawajakoma kwenda. Kule Australia, wenyeji Waanangu waliwasihi wageni kwa miaka mingi wasiupande mwamba wa Uluru, na hatimaye upandaji ulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019. Mwamba bado unatembelewa. Dai kwamba masharti yataua utalii halina ushahidi wa kutosha kunishawishi.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wafanyabiashara. Linatoka misikitini na makanisani, na Ruangwa na Nachingwea kuna watu wengi wa kulisema: kuuheshimu mzimu ni kuukiri, na kuukiri ni ushirikina. Nalichukulia kwa uzito unaostahili, kwa sababu anayelitoa anaogopa jambo kubwa, kumwekea Mungu mshirika. Lakini linachanganya adabu na ibada. Kuabudu ni kuomba, kutoa sadaka, kutegemea. Adabu ni kujizuia: kunyamaza, kutogusa, kutocheka. Mwislamu anayevua viatu mlangoni kwa Mhindu hajawa Mhindu. Mtu akiamini kabisa kwamba pangoni hamna chochote ila popo na maji, bado hajapata sababu ya kupiga kelele mbele ya mama anayelia humo. Anaweza kumhubiria baadaye, nje, kwa maneno. Asichoweza ni kuihesabu imani yake kuwa leseni ya kukanyaga. Na yule anayeona hata kunyamaza kutamtia doa, ana njia iliyo safi: asiingie. Dini yake haikumfaradhishia utalii.

Kusini hii kuna historia ya kulifikiria jambo hili kwa makini kuliko linavyofikiriwa leo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, alikuta jando likiwa nguzo ya maisha ya watu, lenye mambo ambayo kanisa halikuweza kuyakubali. Hakulipiga marufuku. Alikaa na wazee, wakaliendesha upya kwa namna ya Kikristo. Wapo waliomlaumu kwamba ameingiza upagani kanisani, wapo waliomlaumu kwamba ameiba jando la watu. Lawama zote mbili zina ukweli ndani yake, na sisemi alipatia kila mahali. Ninachosema ni kwamba alijua mahali anapoingia pana wenyewe, akawauliza. Waislamu wa Kimwera na wa Kiyao nao wamebishana kwa vizazi kuhusu unga wa tambiko unaomwagwa chini ya mti wa msolo, na mabishano hayo yamefanywa na watu wanaozikana na kuozana. Mtalii hana haki ya kuyamaliza kwa niaba yao.

Pingamizi la pili linasema kwamba heshima ya asiyeamini ni maigizo, na kwamba kumfunga mtu kaniki kiunoni ni kumvalisha vazi la tamthilia. Sikubaliani. Jeneza likipita barabarani, dereva wa bodaboda hupunguza mwendo na wauza duka husimama, na hakuna anayewauliza kama walimjua marehemu au wanaamini nini juu ya ufufuo. Kusimama kwao si uongo. Kunawaambia wafiwa kwamba msiba wao umeonekana. Heshima ya mwilini ina maana yake hata moyo ukiwa mahali pengine, na mara nyingi moyo huja baada ya mwili kutulia.

La tatu ni la kisheria. Tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, urithi wa namna hii unalindwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kwa nini basi wazee wa kijiji kimoja wamwekee masharti Mtanzania mwenzao? Kwa sababu kulindwa na wote si kutumiwa ovyo na yeyote. Hospitali ya wilaya ni ya wananchi wote, lakini hakuna anayeingia wodi ya wazazi saa anayotaka. Zaidi ya hapo, mkoa wa Lindi unajua gharama ya mambo ya ardhini kuendeshwa na wageni wasiodaiwa chochote na wenyeji. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru. Watu wa hapahapa ndio waliochimba, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na watu wa hapahapa ndio walioibeba kwa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, jumla ya tani zaidi ya 200. Kiunzi kikubwa kinasimama Berlin hadi leo. Dunia ilipata elimu, na hilo ni jema. Lindi iliachiwa mashimo.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulijibu lote, na nisingependa kulifunika. Si kila mwiko ni mwema. Mingine huwazuia wanawake kwa sababu za kuwadhalilisha, na mingine hudhuru mahali penyewe: kule Kolo, Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, wataalamu wa uhifadhi wamelalamika kwamba pombe inayorushwa ukutani wakati wa tambiko inaiharibu michoro. Kama wajibu ndio unaotakasa mahali, basi wajibu unamfunga mtambikaji pia, na hana ruhusa ya kukiharibu alichopokea kwa babu zake. Kuhusu miiko inayomdhalilisha mtu, natofautisha hivi: sharti linalomtaka mgeni ajizuie, alishike; sharti linalomvunjia mtu utu wake lipingwe, lakini lipingwe kwanza na wanawake na vijana wa mahali hapo, kwenye vikao vyao, nao waungwe mkono. Mpita njia anayelivunja kwa ajili ya picha hajamkomboa mtu. Najua mstari huu haunyooki kila mara, na baraza la wazee linaweza kuuchora upande unaolipendeza.

Na hapa ndipo Nang'oma inaponirudisha kwenye 1905. Mwezi Julai mwaka ule watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza, vikichochewa na mafundisho ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye ilisimuliwa kwamba pepo alimzamisha kwenye maji akaibuka siku ya pili akiwa mkavu. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Kabla mwezi huo haujaisha vita vilikuwa vimefika kwa Wamwera, na misheni ya Nyangao ilikuwa imeshambuliwa. Wajerumani walijibu kwa risasi, kisha kwa kuchoma vyakula, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Wamatumbi husimulia kwamba wazee wao walijificha Nang'oma. Kwa hiyo pango lile ni mahali pa kutambikia na pia mahali palipowahifadhi watu walipokuwa wanawindwa. Mtalii anayeonyeshwa upana wa ukumbi wake na uzuri wa mawe yake bila kuambiwa hivyo amepewa ziara pungufu, na aliyeambiwa kisha akachora jina lake ukutani amefanya jambo ambalo kiingilio cha bei yoyote hakiwezi kulilipia.

Barabara za Lindi zinazidi kupitika na mipango ya utalii wa kusini inaongezeka. Bado upo muda wa kuanza vizuri: miiko isomwe kwa mgeni kabla hajalipa, siku za tambiko pango lifungwe, waongozaji watoke kwenye vijiji vyenyewe, na mwenye dhiki asitozwe kiingilio. Halmashauri zitakapokaa kupanga haya, Kilwa kwa mapango yake na Ruangwa kwa vilima na miti yake ya matambiko, ziwaulize kwanza wanaokwenda huko kuomba, na zikubali mapema kwamba baadhi yao watajibu hapana, na kwamba mahali hapo patabaki bila geti.